Je, Wajua? Nani Amepima Mtutu Huo?

Je, wajua kwamba mizani ya muuza nyama wa Soko Kuu la Arusha haipaswi kupima hata robo kilo kabla haijakaguliwa na kugongwa mhuri wa Wakala wa Vipimo, na kwamba mwaka ukipita hurudi tena kwenye ukaguzi? Pampu ya mafuta iko vivyo hivyo. Boila na vyombo vya presha viwandani viko chini ya jicho la OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sasa pita mlangoni pa benki mjini, au kwenye lango la jumba mojawapo huku Engutoto na Njiro, umtazame mlinzi na shotigani yake iliyochakaa kitako. Mlinzi ataulizwa kibali. Bunduki itaulizwa namba. Mtutu wenyewe, chuma kinachobeba mlipuko karibu kabisa na uso wake, nani ameupima?

Je, wajua kwamba mlipuko huo si wa mchezo? Kwa vipimo vya kimataifa, risasi ya kawaida ya shotigani ya kaliba 12 inaruhusiwa kufikia presha ya bar 740. Tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu. Kila mlinzi anapovuta kifyatulio, basi, ameweka mbele ya shavu lake presha inayoizidi ya tairi zaidi ya mara 300. Raifo ya kuwindia nyati, .375 Holland & Holland iliyotoka mwaka 1912, inafika bar 4,300. Chuma kizuri huubeba mzigo huo mara maelfu bila kulalamika. Chuma kilichokatwa, kutobolewa, kuchomelewa au kuliwa na kutu kinaweza kuubeba mara kumi, kikagoma mara ya kumi na moja.

Je, wajua bunduki ikipasuka nani huumia kwanza? Aliyeishika. Vidole vya mkono unaoshikilia mtutu kwa mbele huondoka, jicho hupofuka, na vipande vya chuma humfuata aliyesimama pembeni. Ndiyo maana nasema wazi tangu hapa juu: kupima bunduki iliyorekebishwa ni suala la uhai wa mlinzi, wa askari wa wanyamapori na wa mkulima anayelinda shamba lake la mahindi. Serikali zetu zimejitahidi sana kumjua mwenye silaha. Silaha yenyewe hazijaijua vya kutosha.

Je, wajua kwamba nyigu anayejenga kwa udongo anaweza kupasua bunduki? Akijenga ndani ya mtutu uliowekwa stoo miezi miwili, risasi hukuta njia imezibwa, presha hupanda ghafla na chuma hupasuka au kuvimba. Tope la masika na kitambaa kilichosahaulika wakati wa kusafisha hufanya kazi hiyo hiyo.

Na je, wajua kwa nini ganda la risasi ya shotigani ya kaliba 20 lina rangi ya njano? Risasi hiyo ni nyembamba kidogo kuliko ya kaliba 12. Ikiingizwa kimakosa kwenye bunduki ya kaliba 12, huteleza mbele na kukwama katikati ya mtutu, na nyuma yake chemba inaonekana tupu. Mtu akidhani hajapakia, anaweka ya kaliba 12 juu yake. Akifyatua, mtutu unapasuka pale pale ilipo ile ya kwanza. Watengenezaji wa Marekani walikubaliana ganda la kaliba 20 liwe la njano ili jicho lione hatari kabla ya mkono.

Je, wajua kwamba kupima mitutu kwa amri ya mamlaka ni jambo la karne nyingi? Kampuni ya Watengeneza Bunduki ya London ilipata hati ya mfalme mwaka 1637. Liège, Ubelgiji, mtawala wake alitoa amri ya kupima mwaka 1672. Birmingham ilipata sheria yake na kituo chake cha kupima mwaka 1813, na kituo hicho kinafanya kazi hadi leo. Ujerumani ilitunga sheria yake mwaka 1891, yaani katika miaka ile ile iliyokuwa ikiitwaa Tanganyika. Mataifa hayo hayakuwa na huruma ya pekee kwa wenye bunduki. Yaligundua kwamba mtutu mbovu na mtutu mzima vinafanana kabisa dukani, na kwamba muuzaji mwaminifu anaumizwa na muuzaji tapeli endapo hakuna wa kati wa kusema ukweli.

Jinsi wanavyopima ni rahisi kueleza. Bunduki hufungwa kwenye kifaa ndani ya chumba chenye kuta nene, mpimaji akiwa upande wa pili. Hupakiwa risasi zilizotengenezwa makusudi ziwe na presha inayozidi ya kawaida kwa takriban robo. Kwa bastola ni asilimia 30. Hufyatuliwa kwa mbali, kwa kawaida mara mbili. Kisha mpimaji hutoa vifaa vyake na kupima kama chemba imepanuka, kama mtutu umevimba, kama kufuli limelegea. Ikifaulu, hugongwa mhuri kwenye chuma chenyewe, palepale penye kubeba presha. Ikishindwa, imeshindwa mahali ambapo hakuna shavu la mtu.

Je, wajua kwamba mhuri huo una mwisho? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868, ambayo bado inatumika, inahesabu kwamba bunduki ikishafanyiwa kazi iliyopanua au kudhoofisha mtutu kupita kipimo, mhuri wa zamani hauna thamani tena na lazima ipimwe upya. Tena angalia busara ya sheria hiyo: kuwa na bunduki isiyopimwa nyumbani kwako si kosa. Kosa ni kuiuza, kubadilishana, kuiweka rehani au kuisafirisha nje. Mzigo wanautwika muuzaji, ambaye ndiye anayejua fundi gani aliigusa.

Je, wajua kwamba kati ya mwaka 1875 na 1887 bunduki za Uingereza zilizobanwa mdomo wa mtutu zilipigwa alama ya kukataza kupakia risasi moja kubwa? Kuubana mdomo wa mtutu ili gololi zisitawanyike lilikuwa badiliko jipya lililopendwa mno na wawindaji. Wapimaji wakaona hatari: gololi ndogo zinapenya, risasi nzima inakwama. Hawakulipiga marufuku badiliko. Waliandika juu ya chuma kile ambacho badiliko limekifanya kisiwezekane. Mfano huo naupenda kuliko yote, kwa sababu fundi anaachwa abuni na mtumiaji anaambiwa ukweli.

Je, wajua kwamba baruti yenyewe iliwahi kubadilika, mitutu ikaachwa nyuma? Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa na moshi mwingi na nguvu ya wastani. Miaka ya 1880 ikaja baruti isiyo na moshi, yenye presha kubwa zaidi. Bunduki za babu zikawa hazifai kwa risasi za wajukuu, ijapokuwa risasi iliingia vizuri. Ilibidi uwekwe mhuri mpya wa kuonyesha kwamba mtutu umepimwa kwa baruti mpya. Mpito huo tuliuona hapa kwetu kwa sura nyingine: vita vilipofika Longido, kaskazini mwa Arusha, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani bado walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, na wingu la moshi lilimtangazia adui kila walipojificha.

Je, wajua kwamba mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza pale Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani ya Afrika Mashariki? Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizotupwa baada ya silaha mpya kupatikana. Zilipanda na misafara hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, silaha za kisasa zilizuiwa kuingizwa, isipokuwa kwa masharti makali. Zilizoachiwa mlango ni zile za jiwe la gumegume zisizo na mikunjo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, sheria ya kimataifa iliamua kwamba Mwafrika akiruhusiwa bunduki, basi iwe ile duni kuliko zote. Ulaya ilikuwa ikipima mitutu yake kwa makini huku bara letu likibaki na mabaki. Gobore limeota katika udongo huo, na Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ilipiganwa na watu wenye bunduki za kushindilia mdomoni dhidi ya bunduki za mashine.

Je, wajua kwamba gobore halijaondoka? Polisi wanapowaonyesha waandishi wa habari silaha walizokamata kwenye msako wa majangili, au zilizosalimishwa kwa hiari, mara nyingi magobore hulala mezani pamoja na bastola. Mafundi walioyatengeneza hawakuwa wajinga. Wengi ni wahunzi wenye mikono ya urithi. Shida iko kwenye chuma. Bomba la maji limetengenezwa kubeba presha ya bar makumi machache, tena maji yanayopanda taratibu. Halikutengenezwa kwa pigo la ghafla la baruti. Bomba lenye mshono linaweza kufunguka kwenye mshono. Na kwa kuwa baruti hukadiriwa kwa kiganja, presha ya leo si ya jana. Fundi hodari kabisa wa kuchomelea pale mtaa wa Unga Limited, anayeweza kukutengenezea geti na tela la trekta, hawezi kuona kwa macho ufa mwembamba kama unywele uliojificha ndani ya chuma. Hakuna aibu katika hilo. Ufa wa namna hiyo unaonekana kwa vifaa tu.

Jirani zetu wa Karamoja, Uganda, walipita njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahunzi wao walitengeneza bunduki kwa mabomba ya chuma, zikiitwa amatida. Kisha Idi Amin akaanguka Aprili 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto likavunjwa, na bunduki za kijeshi zikamwagika kwa wafugaji. Amatida zikakosa soko.

Je, wajua kwamba moja ya kazi kubwa za kurekebisha silaha katika historia ya nchi yetu ilifanyika Dar es Salaam? Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa karakana, ikaundiwa magurudumu na kuingia vitani nchi kavu. Mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Naitaja kazi hiyo kwa sababu inatufundisha mahali pa kuweka mpaka. Kilichobadilishwa pale ni kibebeo. Mtutu na kufuli, vyombo vinavyobeba presha, vilibaki kama vilivyotoka kiwandani. Ndivyo sheria nzuri ingegawanya mambo: ukibadili kitako, mkanda au kioo cha kulengea, endelea na shughuli zako, ukigusa mtutu, chemba, kufuli au kifyatulio, lete bunduki ipimwe.

Kifyatulio nakitaja kwa makusudi. Watu hufikiria mtutu kupasuka tu, kumbe kifyatulio kilichosuguliwa ili kiwe chepesi kinaweza kuachia risasi bunduki ikiangukia kitako. Mlinzi anapanda pikipiki na bunduki begani, anateremka, inamponyoka. Hapo hakuna adui wala jambazi.

Je, wajua kwamba hata dola kubwa iliwahi kulipa kwa damu kwa sababu ya badiliko dogo lisilopimwa vya kutosha? Jeshi la Marekani lilipoipokea M16, lilibadilisha aina ya baruti ya risasi zake. Bunduki ilikuwa imeundwa na kujaribiwa kwa baruti nyingine. Baruti mpya iliacha uchafu zaidi na kuongeza kasi ya mashine. Chemba haikupakwa kromu, na askari wengi walipewa bunduki bila vifaa vya kutosha vya kusafishia, wakipelekwa kwenye unyevu wa Vietnam. Maganda yakakwama. Wanajeshi walikutwa wamekufa, bunduki zao zimefunguliwa katikati ya kuhangaika kutoa ganda. Kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ilichunguza, na ripoti yake ya mwaka 1967 ilikuwa kali. Baadaye chemba zikapakwa kromu, vifaa vikatolewa, bunduki ikatulia, na vizazi vyake vinatumika hadi sasa. Kumbuka: mtutu haukuguswa, iliyoguswa ni baruti. Aliyedhani kwamba risasi ikiingia basi kazi imekwisha alikosea, na waliozikwa ni vijana.

Marekani hiyo hiyo, je, wajua kwamba hadi leo haina sheria ya taifa inayolazimisha bunduki za raia kupimwa presha na kituo cha serikali? Viwanda vyake hupima kwa hiari kwa viwango vya SAAMI, chama chao kilichoanzishwa mwaka 1926. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mamlaka juu ya pasi ya umeme na kitanda cha mtoto; juu ya bunduki haina. California ilijitenga: kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1999, modeli ya bastola haiuzwi dukani mpaka bastola tatu za modeli hiyo zifyatue risasi 600 kila moja, na zijaribiwe kwa kudondoshwa kwenye sakafu ya zege. Hilo ni jema. Lakini ni kwa modeli mpya ya kiwandani. Bastola ikishapita kwa fundi, jaribio lile halimwambii mnunuzi wa pili chochote.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 polisi wa New South Wales, Australia, walichapisha kwa mashine bastola za plastiki ambazo michoro yake ilisambazwa mtandaoni, wakazijaribu, na moja ikapasuka vibaya? Waliionyesha hadharani ili vijana waone kile ambacho kingewapata vidole vyao. Jaribio moja la wazi lilisema zaidi ya mikutano mingi ya onyo.

Ulaya nayo ilijifunza kwa msiba. Katika mashambulizi ya Paris ya Januari 2015 zilitumika silaha zilizokuwa zimegeuzwa kuwa za kupiga kelele tu, zikauzwa kihalali, kisha zikarudishwa kuwa silaha kamili. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni ya pamoja ya kuzima silaha, iliyoanza kutumika Aprili 2016: haitoshi fundi kusema amezima, lazima chombo kilichoidhinishwa kikague na kutoa cheti na alama. Huko ukaguzi wa kitaalamu uligeuka kinga dhidi ya uhalifu moja kwa moja.

Je, wajua kwamba dunia ina chombo kinachopatanisha vipimo hivi vyote? Kinaitwa CIP, tume ya kudumu ya kimataifa iliyoanzishwa Brussels mwaka 1914 ili mhuri wa nchi moja mwanachama utambuliwe na wenzake. Zimo Ubelgiji, Ujerumani, Uingereza, Italia, Chile na kadhalika. Falme za Kiarabu nazo zimo, jambo ambalo ndugu zetu wengi walioko Dubai na Abu Dhabi hawalijui. Kampuni ya Caracal ya huko iliziita bastola zake zirudishwe kutoka sokoni mwaka 2013 kwa sababu za usalama, na hapo utaona kwamba hata palipo na vipimo kasoro hutokea. Tofauti ni kwamba huwa kuna mlango wa kuirudisha bunduki. Hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki iliyo mwanachama.

Turudi nyumbani. Tanzania ilipata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Mwaka 2016 nchi nzima iliitwa kwenye uhakiki: wamiliki walipanga foleni polisi na bunduki zao na vitabu vyake. Mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa wanaomiliki kinyume cha sheria, wasalimishe kati ya Septemba na Oktoba bila kushtakiwa. Kabla ya hapo kulikuwa na Itifaki ya Nairobi, iliyosainiwa tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kazi mwaka 2006, ikisimamiwa na RECSA, kituo cha kikanda cha silaha ndogo chenye makao Nairobi. Itifaki inataka kila silaha iwe na alama, iandikwe, ifuatiliwe, na zilizozagaa ziteketezwe. Kenya peke yake iliteketeza zaidi ya 5,000 mwaka 2016. Kazi hiyo yote ni muhimu na inaokoa maisha. Lakini isome tena kwa jicho la mtumiaji: namba inaeleza bunduki ni ya nani na imetoka wapi. Haisemi kama itamuua aliyeibeba.

Nafasi ilikuwepo. Siku ile ya uhakiki bunduki ilikuwa tayari juu ya meza ya afisa. Kupima upana wa mtutu kwa geji, kuchungulia ndani kwa taa, kujaribu kifyatulio bila risasi: hayo hayachukui muda mrefu kuliko kuandika jina la mmiliki kwenye rejista. Si jaribio kamili la presha, ila lingechuja zile zilizovimba, zilizoliwa na kutu na zilizokatwa.

Je, wajua pingamizi kubwa linalotolewa? Kwamba ukianza kupima bunduki zilizorekebishwa utakuwa umemhalalisha fundi wa gobore na shotigani iliyokatwa. Hoja hiyo ina uzito, naiheshimu, hasa kwa askari waliozika wenzao waliouawa na majangili. Jibu langu ni kwamba kuna makundi mawili. Bunduki iliyofutwa namba, au iliyokatwa mtutu na kitako ili ifichwe ndani ya koti, haihitaji kipimo; inahitaji tanuru. Kundi la pili ni bunduki halali yenye kibali: ya kampuni ya ulinzi iliyobadilishiwa mtutu, ya mkulima wa Arumeru iliyochomelewa kufuli, ya mwindaji iliyotanuliwa chemba. Mwenye hiyo tayari yuko kwenye kitabu cha serikali. Kumwambia ailete ipimwe hakumpi haki mpya yoyote.

Pingamizi la pili ni gharama, na hapa sitaki kuwapuuza wenye kipato kidogo. Ada ikiwa kubwa, mtu ataificha bunduki kwa fundi wa uchochoroni. Kwa hiyo mzigo uwekwe kwa kampuni za ulinzi na wauzaji kwanza, kama Waingereza walivyofanya, na mkulima apimiwe pale anapohuisha leseni.

Je, wajua kwamba kwa wawindaji wa kitalii sheria zetu tayari zinaangalia chuma? Anayekuja kuwinda tembo au nyati lazima awe na kaliba isiyopungua .375, kwa sababu risasi ndogo hujeruhi mnyama na kumgeuza hatari kwa watu. Kampuni nyingi za uwindaji zina ofisi hapa Arusha, na wageni wao hushuka uwanja wa ndege wa KIA na masanduku ya bunduki. Anayetoka Ujerumani au Italia ana mihuri ya kituo cha kupima kwenye mtutu. Mbeba mizigo na mfuatiliaji nyayo wa Kitanzania hutembea hatua chache kutoka kwenye mitutu hiyo kutwa nzima. Mitutu mingine imepimwa kwa sheria za nchi za mbali, mingine hawajui imepimwa na nani.

Na juu ya Mlima Meru? Hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda kutoka geti la Momella kuelekea kibanda cha Miriakamba bila askari mwenye bunduki, kwa sababu njiani kuna nyati na tembo. Askari huyo anatembea mbele ya watu wasiomjua, kwenye ukungu na matope, na bunduki anayotarajia isimlazimu kuitumia. Siku ikimlazimu, ana nukta moja. Kila anayempenda askari huyo anapaswa kutaka chuma chake kiwe kimepimwa, na kupimwa upya kila kinapotoka kwa fundi.

Je, wajua mahali panapofaa kuanzia? Hapa hapa mjini. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, na Jumuiya ina sheria ya mwaka 2006 ya viwango, ubora, vipimo na upimaji. Kwa mfumo huo tuna viwango vya pamoja vya vitu chungu nzima. Bidhaa za unga wa mahindi zina kiwango chake, EAS 44, kinachosema unyevu usizidi kiasi gani. Upimaji nao si ndoto: Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974, linatengeneza risasi, na hakuna kiwanda cha risasi kinachoweza kufanya kazi bila kujua presha ndani ya mtutu. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na mwaka 2021 ilizindua kiwanda cha silaha ndogo Ruiru. Ujuzi umo ndani ya ukanda.

Kiwango cha kwanza hakihitaji kurasa nyingi. Kiseme ni sehemu zipi za bunduki zikiguswa lazima ipimwe upya. Kiseme presha ya jaribio, kwa kufuata CIP, ili tusibuni namba zetu wenyewe. Kiseme mhuri ugongwe wapi, na uandikwe kwenye rejista ileile ya polisi yenye namba ya silaha na jina la mmiliki. Na kiseme kwamba kampuni ya ulinzi itakayomkabidhi mlinzi bunduki isiyo na mhuri huo itawajibika kwa matibabu yake, kwa mkono wake na kwa wanawe.